Rangi Mpya ya Gari: Namna ya Kuitunza, na Wajibu Unaoambatana Nayo



Somo la toleo hili halikutoka darasani bali barabarani. Asubuhi moja ya msimu wa mvua, mwalimu mstaafu anayeishi upande wa Ibanda, kule ambako njia ya wapanda milima inaiacha tambarare na kuanza kuufuata mto Mubuku, alisimamishwa kwenye kizuizi akiwa safarini kwenda mpakani Mpondwe. Dada yake mkubwa alikuwa amefariki ng'ambo, upande wa Kasindi, na maziko yalipangwa saa saba mchana. Ndani ya gari walikuwamo mkewe, wajukuu wawili, na sufuria za msibani zilizofungwa kwa shuka. Gari lilikuwa la buluu iliyokoza, linameremeta. Logibuku aliyoitoa ilisema kwamba gari ni jeupe.

"Afande, gari hili ni langu kwa miaka tisa sasa," alisema. "Nimelipiga rangi tu."

"Mwalimu, sikatai," afisa alimjibu. "Lakini karatasi hii inanieleza habari za gari jingine."

Kilichofuata kilikuwa cha lazima, ingawa hakikumpendeza yeyote kati yetu. Namba ya chasisi ikasomwa, namba ya injini ikasomwa, simu zikapigwa, majibu yakangojewa. Ilipothibitika kwamba gari ni lake kweli, saa nane ilikuwa imekwisha kupita. Alipovuka daraja la mto Lhubiriha, kaburi lilikuwa limeshafukiwa.

Nilikuwapo siku hiyo, na katika saa zile za kungoja nililizunguka gari pamoja naye, kwa kuwa mtu anayesubiri hutaka kuzungumza juu ya jambo lolote lile. Rangi ilikuwa na umri wa siku 11. Juu ya boneti palikuwa na viduara vilivyopauka, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa tone la mvua. Paa lilikuwa na alama ya nyuzi za turubai, kana kwamba kitambaa kimechapwa juu ya rangi. Milangoni, ukiinamisha kichwa na kutazama kwa upande wa jua, uliona mikwaruzo myembamba ya mviringo, mamia kwa mamia. Akanieleza alivyofanya. Siku ileile ya kulichukua gereji alilipaka nta ili ling'ae zaidi. Kila usiku alilifunika turubai ili lisinyeshewe. Jumamosi vijana walilioshea mtoni kwa unga wa sabuni ya kufulia. Fedha alizotumia zilitokana na mavuno ya kahawa ya msimu mzima. Kila tendo alilifanya kwa kulipenda gari lake, na kila tendo liliidhuru rangi.

Hivyo yako mambo mawili ya kujifunza hapa. Nitaanza na utunzaji wa rangi, kwa sababu ndio tunaoulizwa mara nyingi zaidi katika mikutano yetu, ingawa jambo la pili ndilo lililomkosesha mwalimu maziko ya dada yake.

Kukauka si kukomaa

Mkulima wa kahawa wa miteremko ya Bukonzo hahitaji mtaalamu wa kemia kumfundisha jambo hili. Kahawa iliyoanikwa siku chache hujikunja ganda, na ukiigusa utadhani ni kavu. Uma punje, na jino litakuambia kwamba ndani kungali na unyevu. Anayeitia guniani wakati huo atafungua gunia la ukungu.

Rangi ya gari huenda vivyo hivyo. Uso wake hukauka kwanza, mara nyingi kabla hata fundi hajamaliza kuosha bunduki yake ya kupulizia. Lakini chini ya uso huo ingalimo thina inayotafuta njia ya kutoka, nayo hupenya polepole kwa siku nyingi, tabaka la chini likipitia tabaka la juu. Katika muda wote huo rangi ni laini. Kitu chochote kinachoziba uso wake, iwe nta, turubai au stika, huifungia thina ndani, na matokeo yake ni kufifia, kutoka vipele, au kubaki laini hata miezi ipite.

Wasomaji wengi huuliza: mbona gari jipya kutoka kiwandani halihitaji tahadhari hizi? Jibu ni moto. Kiwandani bodi hupakwa rangi ikiwa chuma kitupu, kabla ya kuwekwa viti, nyaya, mipira na vioo, kisha huingizwa katika tanuri lenye joto la takriban nyuzi 140 za Selsiasi. Rangi hutoka humo ikiwa imekwisha kukomaa. Gari lililokamilika haliwezi kutiwa katika joto la namna hiyo bila kuyeyusha nusu ya vilivyomo. Gereji kubwa zenye chumba maalumu cha kupulizia hupasha joto hadi nyuzi 60 hivi. Gereji zetu nyingi za Kasese na Bwera hutegemea jua na upepo. Si aibu hiyo, na nimeona kazi nzuri sana iliyofanywa chini ya mti wa mwembe, ila kile ambacho kiwanda hukipata kwa moto sisi hatuna budi kukipata kwa subira.

Inafaa pia ujue ni rangi ya aina gani uliyopakiwa. Kongwe kati ya zile zinazotumika gerejini ni ya selulosi. Hiyo ndiyo iliyobadilisha viwanda vya magari vya Marekani mwaka 1923, pale kampuni ya DuPont na General Motors zilipoanza kutumia rangi iliyoitwa Duco kwenye magari ya Oakland. Kabla ya hapo gari lilikaa kiwandani wiki kadhaa likingoja vanishi yake ikauke, na kwa Duco kazi hiyo ikawa ya saa. Rangi ya selulosi hukauka kwa kutoa thina peke yake, basi hata baada ya miaka mitano thina au petroli inaweza kuiyeyusha tena. Aina ya pili ni ile ambayo fundi huichanganya na hadina kabla ya kupuliza. Hii haikauki kwa kutoa thina tu: chembe zake hushikana na kuwa kitu kimoja, na ikishakomaa petroli haiiyeyushi kirahisi. Ukitaka kujua uliyo nayo, lowesha pembe ya kitambaa cheupe kwa thina kidogo na usugue mahali pasipoonekana, kwa mfano ndani ya ukingo wa buti. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, ni ya selulosi, au ni ile nyingine iliyonyimwa hadina.

Hilo la kunyimwa hadina hutokea. Hadina ni ghali, na mtu anayekimbizwa na mteja mwenye haraka anaweza kupunguza kipimo. Rangi hutoka ikiwa nzuri machoni, lakini haitakomaa kamwe. Kwa hiyo, kabla hujalipa, mwombe fundi akuandikie kwenye risiti mambo matatu: aina ya rangi, tarehe aliyopuliza tabaka la mwisho, na kipimo cha hadina. Fundi mwaminifu hatakasirika. Tarehe hiyo ndiyo utakayoihesabia kila kitu kinachofuata.

Siku na wiki za mwanzo

Siku ya kwanza usiliguse. Likae mahali penye hewa, mbali na jiko, mbali na kuku, mbali na watoto. Matone ya mvua yakikaa juu ya rangi ya siku moja na kisha kukaushwa na jua, huacha vile viduara tulivyoviona kwenye boneti ya mwalimu. Ndiyo maana mtu wa huku kwetu mwenye nafasi ya kuchagua hupiga rangi katika miezi ya ukavu, kati ya Desemba na Februari au Juni na Julai. Isitoshe, hewa yenye unyevu mwingi huifanya rangi ya selulosi ipate utando mweupe kama pumzi iliyoganda juu ya kioo.

Wiki ya kwanza usilioshe. Najua ni vigumu, kwa sababu gari lililotoka kupigwa rangi ndilo ambalo mwenyewe anataka lionekane safi kuliko yote. Vumbi liache lilale. Lililolala halidhuru, hudhuru linapoburuzwa. Mtu anayepitisha kitambaa kikavu juu ya vumbi la barabara zetu anapitisha msasa. Hata kidole cha mtoto kinachoandika jina lake juu ya buti lenye vumbi huacha jina hilo kwenye rangi laini, na sabuni haitalifuta. Kama ni lazima, mwaga maji mengi matupu, taratibu, kutoka juu kwenda chini, na uyaache yajichuruzike.

Kuanzia wiki ya pili hadi siku ya 30 unaweza kuosha kwa maji na sponji laini, kwa namna nitakayoieleza mbele. Lakini mashine ya kuoshea kwa msukumo wa maji isilikaribie. Mashine hizo zimeenea sasa kutoka Hima hadi Mpondwe, na nguvu yake inaweza kuinua rangi changa kwenye kingo za milango na mahali palipotiwa puti. Turubai usilitumie: unyevu unaopanda kutoka ardhini usiku hunaswa chini yake, na nyuzi zake hujichapa kwenye paa. Stika pia zingoje, ziwe za timu ya Arsenal, za kanisa au za msikiti. Nimeona gari lililopigwa rangi kwa ajili ya harusi Alhamisi, likapambwa kwa riboni na utepe wa gundi Jumamosi, na Jumatatu utepe ulipobanduliwa ukaondoka na vipande vya rangi hadi praima ikaonekana.

Nta ndiyo ya mwisho. Kwa rangi iliyokaushwa na hewa, ngoja siku 60 kwa uchache, na 90 ni bora. Kama kopo la rangi limeandikwa muda mwingine, fuata kopo. Baada ya hapo nta ni rafiki mkubwa, maana jua letu ni kali na nta ni kama kivuli chembamba. Upo njia rahisi ya kujua kama rangi imekomaa. Ikaribie kwa pua asubuhi: ikiwa bado inanuka thina, bado. Kisha bonyeza kwa ukucha wa kidole gumba mahali palipofichika, na alama ikibaki, bado pia.

Kuhusu jua, nimesikia mafundisho yanayopingana. Wako wanaosema gari lianikwe ili rangi ikauke upesi, na wako wanaolificha kabisa. Jua la asubuhi husaidia kweli. La adhuhuri ni jambo jingine: ikweta inakatiza barabara kuu karibu na Kikorongo, na chuma cha rangi iliyokoza kilichoachwa hapo saa sita mchana hakishikiki kwa mkono. Kivuli cha banda lililo wazi pande zote ndicho kizuri. Kivuli cha mti ni mtego, kwa sababu ya utomvu na kwa sababu ya ndege.

Maadui wa huku kwetu

Vitabu vya utunzaji wa magari huandikwa na watu wa nchi za theluji, wakizungumzia chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Sisi hatuna theluji barabarani, iko juu huko Rwenzori. Lakini chumvi tunayo. Malori yanayotoka Katwe hubeba magunia yanayovuja, na katika siku za mvua maji yanayorushwa na magurudumu yake ni maji ya chumvi. Chumvi haili rangi yenyewe. Huingia kwenye ufa mdogo ulioachwa na jiwe na kukitafuna chuma kilicho chini, hata rangi ikanyanyuka kama ganda la kidonda. Anayepita njia hiyo mara kwa mara aoshe kwanza chini ya gari, ndani ya matao ya magurudumu, na vitundu vidogo vilivyo chini ya milango ambavyo kazi yake ni kutoa maji. Vitundu hivyo fundi asiye makini huviziba kwa rangi au puti. Vikague siku ya kulichukua gari.

Vumbi la saruji ni la hatari zaidi kuliko chumvi kwa rangi changa, na watu wachache hulijua hilo. Wanaoishi au kufanya kazi karibu na kiwanda cha Hima, na wale wanaobeba mifuko ya saruji ndani ya magari madogo, wazingatie. Saruji ina ukali unaofanana na ule wa chokaa. Umande wa usiku ukilikuta vumbi lake juu ya boneti, hufanya kile ambacho saruji iliumbwa kufanya: huganda. Asubuhi utakuta ngozi ngumu ya kijivu, na anayeikwangua anakwangua na rangi. Dawa ni kuliondoa kabla ya jioni kwa maji mengi sana, bila kusugua hata mara moja.

Mavi ya ndege yana asidi, na jua likiyapika huacha kovu la kudumu kwa muda wa saa chache tu. Korongo wakubwa wanaolala juu ya miti ya mijini hawahitaji maelezo. Usikwangue. Weka kitambaa kilicholowa maji juu yake kwa dakika kumi, kisha kiinue kwa mwendo wa kuokota. Fanya hivyohivyo kwa wadudu wanaogonga bampa usiku, hasa ukipita mbugani kati ya maziwa.

Petroli inayouzwa kwenye madumu kando ya barabara humwagika karibu na mdomo wa tangi. Suuza papo hapo. Mafuta ya breki ni mabaya zaidi, kwani huyeyusha hata rangi iliyokomaa. Nayo mawe ya maramu hurushwa na lori lililo mbele yako, basi liachie nafasi. Sisi wa usalama barabarani tungekuomba uache nafasi hiyo hata kama gari lako lingekuwa halina rangi kabisa.

Jambo moja kwa wanaovuka. Upande wetu tunaendesha kushoto, na Kongo wanaendesha kulia. Ukiwa na usukani wa kulia ng'ambo ile, wewe dereva unakaa kando ya majani, na unapotaka kulipita lori huoni kinachokuja mpaka umetoa nusu ya gari. Wengi hujibana ukingoni wakachubua milango ya kulia kwenye vichaka. Mchubuko huo usiusubirishe. Uoshe, uukaushe, na utie tone la rangi ya akiba kabla kutu haijaanza. Mwombe fundi akubakishie rangi kidogo katika kichupa kilichofungwa barabara, iliyo bado haijachanganywa na hadina, maana iliyochanganywa hugeuka jiwe kwa muda wa saa chache.

Kuosha

Osha kivulini, bodi ikiwa imepoa. Tumia ndoo mbili: moja ya maji yenye sabuni ya maji isiyo kali, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia sponji kila mara kabla ya kuirudisha kwenye sabuni. Mchanga hubaki katika ndoo ya pili badala ya kurudi mlangoni. Anza paa, malizia chini, na magurudumu yawe na kitambaa chake ambacho hakitagusa bodi kamwe. Unga wa sabuni ya kufulia uuache kwa nguo. Una ukali unaoondoa mafuta yote, na punje ambazo hazijayeyuka husugua. Kausha kwa kitambaa laini chenye kunyonya, kwa kugandamiza kuliko kufuta.

Mtoni usioshe. Sababu ya kwanza ni rangi: maji ya Nyamwamba au Lhubiriha baada ya mvua hubeba mchanga mwembamba usioonekana ndani ya ndoo. Ya pili ni majirani wanaochota chini yako, kwa kuwa mafuta na sabuni vyako huishia katika madumu yao. Kutoka kandokando ya mito ni sharti la sheria za mazingira, na maafisa wetu hulisimamia.

Rangi na karatasi

Sasa nirudi kwenye kizuizi. Rangi ni sehemu ya utambulisho wa gari. Imeandikwa katika logibuku pamoja na namba ya usajili, chasisi, injini na aina. Gari linapoibwa au linapokimbia baada ya kumgonga mtu, shahidi mara chache hushika namba zote. Hukumbuka rangi. "Dogo jeupe limekwenda upande wa Bwera" ndiyo habari ya kwanza inayopita redioni, na mwizi anajua hivyo, ndiyo maana kituo chake cha kwanza aghalabu ni kwa mpiga rangi. Afisa anayekutana na rangi isiyolingana na karatasi mita chache kutoka mpaka wa kimataifa hana namna ya kujua kama mbele yake amesimama mwalimu mstaafu au mtu mwingine.

Kwa hiyo mwenye gari anayebadili rangi anatakiwa kuijulisha mamlaka ya usajili wa magari, ambayo sasa iko chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, ili daftari na logibuku virekebishwe. Ulizia utaratibu kabla ya kupiga rangi, si baada yake. Anayerudishia rangi ileile hana badiliko la kusajili, ila abaki na risiti ya gereji ndani ya gari. Na iwapo marekebisho hayajakamilika, ahirisha safari ya kuvuka. Msiba haungoji, nalijua hilo, lakini kwa msiba lipo basi na ipo teksi.

Mafundi wetu wanaombwa mambo machache. Namba ya chasisi isisuguliwe kwa msasa wala kufunikwa na rangi. Ibandikwe karatasi kabla ya kupuliza. Namba iliyofifia kwa uzembe huonekana sawasawa na iliyochezewa kwa makusudi, na atakayeulizwa ni mteja wako. Weka daftari: jina la aliyelileta gari, namba, rangi ya awali, rangi mpya, tarehe. Daftari hilo litakukinga siku gari la wizi litakapogunduliwa kuwa lilipita mikononi mwako. Gari lililopata ajali lisipokewe kabla ajali haijaripotiwa na gari kukaguliwa. Wasiojua hudhani rangi mpya hufuta ushahidi. Wataalamu huchukua kipande kidogo kuliko punje ya mtama, wakakitazama ubavuni kwa darubini, na kuhesabu matabaka yake mmoja baada ya mwingine kama pete za mti: praima ya kiwandani, nyeupe ya kwanza, puti, praima ya gereji, buluu. Gari lililopigwa rangi mara tatu lina matabaka mengi zaidi, na kwa hiyo hutambulika kwa urahisi zaidi kuliko lile ambalo halijaguswa.

Teksi za abiria zirudishiwe miraba yake ya buluu juu ya nyeupe kabla hazijarudi barabarani. Malori yarudishiwe vibandiko vinavyoakisi mwanga, na kwa kuwa vibandiko havishiki vizuri juu ya rangi changa, mwenye lori apange kazi hiyo akijua kwamba halitasafiri usiku mpaka vimewekwa.

Neno la mwisho kwa mafundi linahusu mapafu yao. Hadina ina kemikali ziitwazo aisosayaneti, ambazo huweza kumpa mpulizaji pumu isiyoondoka maisha yake yote, na kitambaa kilichofungwa puani hakizuii mvuke wake. Inatakiwa barakoa yenye chujio maalumu la mvuke, na mahali palipo wazi. Jiko la mkaa lisiletwe karibu ili kukausha rangi upesi, kwa maana mvuke wa thina hushika moto kabla hujauona. Rangi kuukuu huweza kuwa na risasi ndani yake, hivyo sugua kwa msasa wa maji, na watoto wasichezee vumbi lake. Anayenunua gari naye apitishe sumaku ndogo juu ya bodi: inapokataa kushika chini ya rangi nzuri, hapo pana puti nene, na pana swali la kumuuliza muuzaji.

Yule mwalimu alirudi gerejini. Fundi alisugua tabaka la juu lililoharibika na kupuliza jipya, kwa hadina ya kipimo kamili na tarehe kwenye risiti. Logibuku ilirekebishwa. Miezi michache baadaye alipita kituoni kwetu akienda ng'ambo kulisakafia kaburi la dada yake, akanionyesha karatasi kabla sijaiomba, kisha akauliza kama sasa anaweza kupaka nta. Tukahesabu pamoja kutoka kwenye risiti. Zilikuwa siku 82. Nikamwambia aongeze 8.